Chipu ya Njia Mbili

Radi ilipiga Misigiri mwezi wa kwanza, mchana, kabla hata mvua haijaanza kunyesha. Haikuua mtu. Iliunguza redio tatu, taa za shule, na kitotoleshi cha Mama Agripina, mashine ya kutotolesha mayai mia tano ishirini na nane kwa mkupuo mmoja, aliyoinunua alipostaafu ualimu. Ndani ya mashine hakikuharibika kitu kikubwa. Hita ilikuwa nzima, feni ilikuwa nzima, na mota ya kugeuza mayai nayo ilikuwa nzima. Kilichoungua ni kibao cha umeme kilichokuwa kikiamua lini hita iwake na lini izimike. Bila kibao hicho, mashine ilikuwa kabati tu.

Muuzaji alisema kibao kipya kinaagizwa nje na kitachukua miezi. Mama Agripina hakuwa mtu wa kusubiri miezi. Akaulizia fundi.

Fundi aliyempata ni Ritha, mtu wa Ilongero, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Alikuwa na meza yake ndani ya duka la ufundi karibu na soko mjini Singida. Meza ya pili dukani humo ilikuwa ya Nathanaeli, fundi mkongwe wa redio na televisheni. Ritha alisomea mambo ya umeme chuoni, mengine akajifunza mwenyewe kwa kufungua vitu na kuvirudishia. Alikuwa na sifa ya kutosema sana na ya kurudisha kitu siku aliyoahidi.

Alikuja Misigiri kwa basi la Nzega, akaifungua mashine, akaitazama kwa nusu saa.

"Shikamoo mama, nimemaliza kuangalia," alisema, ingawa alikuwa ameshamwamkia alipofika. "Kibao hiki hakitengenezeki. Lakini naweza kuiendesha kwa kompyuta."

"Kompyuta ninayo," alisema Mama Agripina. "Ya kupakata, ya mwanangu Leonidas. Imezeeka."

"Ikiwaka inatosha."

Ritha alirudi wiki iliyofuata na kibao kidogo kuliko kiberiti. Katikati yake kulikuwa na chipu nyeusi ya mraba, isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Kazi ya chipu hiyo ni kuwa mkalimani kati ya kompyuta na vitu vingine, na ubora wake ni kwamba ina njia mbili. Unachomeka waya mmoja wa USB, lakini kompyuta inaona vifaa viwili. Njia ya kwanza ni ya mazungumzo, herufi moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi. Hiyo Ritha aliiunganisha na kipimajoto kilichokaa ndani ya mashine, ambacho kila baada ya sekunde mbili kilituma namba ya joto na namba ya unyevu. Njia ya pili aliifanya iwe ya swichi. Pini zake nane hazikuongea chochote. Kila moja ilikuwa na hali mbili tu, kuwaka au kuzimika. Pini ya kwanza aliikabidhi hita, ya pili mota ya kugeuza mayai, ya tatu feni, ya nne kengele ya hatari. Kati ya kila pini na kifaa chake aliweka rilei, kile kiswichi kinachovutwa na umeme mdogo ili kiruhusu umeme mkubwa upite.

Siku ya kwanza mashine ilifanya vituko. Kompyuta ilidhani njia zote mbili ni za mazungumzo, ikawa inatuma herufi hata kwenye pini za swichi, na rilei zikawa zinagonga ovyo kama kuku anayedonoa bati. Mama Agripina alicheka mpaka akakaa chini. Ritha hakucheka. Aliingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta iiachie njia ya pili, akaandika upya mistari michache ya programu. Kufikia saa kumi jioni rilei ya hita ilikuwa ikigonga kwa mpango: joto likishuka chini ya thelathini na saba nukta tano inawaka, likipita thelathini na saba nukta nane inazimika.

Mtu aliyekabidhiwa kuiangalia kila siku alikuwa Stumai, mkamwana wa Mama Agripina, mke wa Leonidas. Leonidas alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na alikuja nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Kwao Stumai kulikuwa Shelui; alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa na mkono mwepesi wa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akiongeza maji kwenye sahani ya unyevu, akimulika mayai kwa tochi kuona yapi yana uhai, na akiandika joto kwenye daftari asubuhi, mchana na jioni.

Ritha alimpa sharti moja. "Usiizime kompyuta. Ikizimwa, mashine haina akili."

"Sitaizima, dada."

Mkupuo wa kwanza ulitoa vifaranga mia nne na kimoja. Wa pili ulitoa mia nne ishirini. Watu walianza kuja kutoka Kyengege na Ulemo kuweka oda za vifaranga, na mtu mmoja wa Manyoni, aitwaye Deo, alimpigia Ritha simu kuuliza kama anaweza kumtengenezea mashine kama ile.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Kitotoleshi kilikuwa kimewekwa sebuleni kwa Stumai, kwenye nyumba ndogo aliyojengewa na Leonidas, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na sakafu ya saruji na umeme wa uhakika. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya vingine kwenye kona. Wageni wa Stumai walikaa nje. Aliwahi kumwomba mama mkwe mashine ihamishwe, akajibiwa kwamba atafikiriwa alizeti zikishauzwa. Siku moja ya mwezi wa saba, mtoto alipoungua kidole kwenye mlango wa mashine, alisema kwa sauti, mbele ya jirani: "Bora iharibike tu tupumzike."

Maneno hayo yalikuja kukumbukwa.

Mwezi wa nane upepo wa Singida huwa hauna adabu. Unaokota vumbi kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa na kulileta mpaka ndani ya sufuria. Siku hiyo Mama Agripina alikuwa shambani akisimamia upigaji wa alizeti. Mayai yalikuwa na siku kumi na sita. Saa nne asubuhi Stumai aliandika joto kwenye daftari, thelathini na saba nukta saba, akafagia sebule, akaona vumbi limejaa juu ya vitufe vya kompyuta. Hakuizima. Aliifuta kwa kitambaa, akaifunika kifuniko chake taratibu ili vumbi lisizidi kuingia, akambeba mtoto mgongoni akaenda naye kliniki.

Foleni ilikuwa ndefu. Alirudi saa nane. Alipofungua mlango wa sebule joto lilimpiga usoni. Kipimajoto cha zebaki kilichoning'inia ndani ya mashine kilisoma arobaini na tano. Kengele haikuwa imelia. Alichomoa waya wa mashine ukutani, akafungua milango yote miwili ya kitotoleshi, akachukua ungo akapepea mayai kama mtu anayepepea mgonjwa. Kisha akampigia simu mama mkwe wake na kumweleza kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na habari ya kifuniko.

Jioni hiyo walimulika mayai moja moja. Hakukuwa na kilichotikisika.

Ritha alifika kesho yake saa nne. Stumai alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, mtoto mapajani. Mama Agripina alikuwa amesimama uani akimsemesha kwa Kinyiramba. Ritha, aliyekulia Kinyaturu, alishika nusu tu ya maneno, lakini nusu hiyo ilitosha. Neno "makusudi" lilisemwa kwa Kiswahili.

"Ingia mwanangu, uangalie," Mama Agripina alimwambia Ritha. "Amefunika kompyuta. Nawe ulimkataza."

Ritha aliingia peke yake. Aliiwasha mashine ikiwa tupu, akasubiri hita iwake, taa nyekundu ya rilei ikawaka. Akatoa mita yake, akaweka ncha zake kwenye pini ya kwanza. Volti tatu nukta tatu. Kisha akafunika kompyuta.

Kompyuta ililala. Programu ikasimama katikati ya sentensi yake. Lakini tundu la USB liliendelea kutoa umeme, kama yanavyofanya matundu mengi, na chipu ikaendelea kuwa hai. Haikujua kwamba hakuna tena anayeiamrisha. Amri ya mwisho ilikuwa washa, basi iliishikilia. Mita iliendelea kusoma tatu nukta tatu. Taa nyekundu haikuzimika. Ritha alisubiri dakika tano, kumi, joto likipanda. Kengele haikulia, kwa kuwa nayo ilikuwa ikisubiri amri ya programu ileile iliyolala.

Alielewa. Alikuwa amejenga akilini mwake kwamba kompyuta ikisimama, kila kitu kinasimama. Hakuwahi kujaribu. Na sharti alilompa Stumai lilikuwa la kuzima. Habari ya kufunika haikuwamo.

Mama Agripina alichungulia mlangoni. "Umeona nini?"

Ritha alizima mashine. "Bado nachunguza, mama. Nitaondoka na hiki kibao nikakipime mjini."

Wakati anatoka, Stumai alimfuata mpaka penye uzio wa minyaa.

"Dada, ni mimi?"

Ritha alikuwa na mkoba begani na mkono mmoja kwenye kamba ya mkoba. Baadaye alikumbuka kwamba alitazama barabarani.

"Sijajua bado," alisema.

Ndani ya basi hakusinzia. Dukani alikaa mbele ya kibao hicho muda mrefu bila kukigusa. Nathanaeli, ambaye alikuwa akitengeneza spika ya kanisa, alimwacha mpaka saa kumi ndipo akauliza. Ritha akamweleza.

"Nani alifunika kompyuta?" aliuliza Nathanaeli.

"Mkamwana wa pale."

"Basi hilo si lako. Kifaa kikitumiwa vibaya, fundi hana lawama. Na yule wa Manyoni akisikia kwamba mashine yako imechemsha mayai mia tano, unadhani atakuja?"

"Hajaitumia vibaya. Alikuwa anaikinga vumbi."

"Umeshamwambia mwenye mashine?"

"Bado."

"Basi tengeneza, rudisha, nyamaza. Isirudie tena, inatosha."

Ritha alishika chuma cha kulehemu na kuanza kazi. Siku ya pili alikuwa amepata dawa ya tatizo. Badala ya pini ya hita kusema washa mara moja na kunyamaza, sasa ilipaswa kupiga kama mshipa, kuwaka na kuzimika mara kadhaa kila sekunde. Kabla ya rilei aliweka vijisehemu vichache vilivyokuwa na kazi moja: kuhesabu mapigo hayo kuwa ndiyo ruhusa. Mapigo yakikoma kwa sekunde tatu, ruhusa inakwisha na hita inazimika, hata kama pini imeganda ikiwaka. Kengele aliipa betri yake na kipimo chake yenyewe, isimtegemee mtu. Aliongeza pia kikata-moto cha kawaida, cha chuma, cha kukata umeme joto likifika thelathini na tisa. Alijaribu vyote mara ishirini.

Siku ya tatu alimpigia simu Mama Agripina kusema kifaa kiko tayari.

"Sawa," alisema Mama Agripina. "Lakini itabidi unifundishe mimi. Stumai nimemwambia akapumzike kwao kwanza."

Kila mtu anajua maana ya mwanamke aliyeolewa kuambiwa akapumzike kwao. Ritha alikata simu, akaketi. Saa moja baadaye Ritha alikuwa ndani ya basi.

Alimkuta Mama Agripina uani, akipepeta alizeti kwa ungo. Upepo ulikuwa ukimsaidia. Ritha alimwamkia, akaitikiwa, akabaki amesimama.

"Mama, kosa la mayai ni langu."

Ungo uliendelea kwenda juu na chini.

"Kompyuta kufunikwa hakukupaswa kuleta madhara. Nilipaswa kuitengeneza hita izimike yenyewe kompyuta ikinyamaza. Sikufanya hivyo, na sikujaribu. Stumai hakuvunja sharti langu. Nilimwambia asizime, hakuzima."

"Umejua leo?"

"Nilijua siku ile ile nilipokuja."

Sasa ungo ulisimama. Mama Agripina aliuweka chini, akaondoa maganda kwenye khanga yake, ganda moja moja. Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka mtu huyo akamilishe mwenyewe alichobakiza.

"Aliniuliza pale kwenye uzio," alisema Ritha. "Nikamwambia sijajua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Ungeniambia siku ile ningekukasirikia wewe. Ningekufokea, ungeondoka, yakaisha. Sasa nimemfukuza mtoto wa watu, na mjukuu wangu amekwenda naye. Lakini lile la makusudi si wewe uliyelisema. Nililisema mimi. Baba yake Leonidas angekuwa hai angenizuia."

"Nifanye nini, mama?"

"Kesho tunakwenda Shelui wote wawili. Utayasema haya haya, kwa maneno haya haya."

Ritha alilala kwa Mama Agripina. Waliongea kidogo sana. Asubuhi walipanda gari la kuelekea Igunga, wakashuka Shelui, wakatembea robo saa mpaka kwa akina Stumai, Mama Agripina akiwa na jogoo mwekundu kwenye kapu.

Baba yake Stumai alikuwa mzee mwembamba, mkulima wa mpunga na viazi, mtu wa swala tano. Aliwakaribisha, akaamuru waletewe viti na maji ya kunywa, akaulizia mvua na afya za watu wote wa Misigiri kabla ya kuulizia kilichowaleta. Stumai aliitwa, akaja na kukaa kwenye mkeka kando ya mama yake. Mtoto alimkimbilia Mama Agripina, akapakatwa.

Ritha alisema. Alieleza habari ya chipu kwa lugha nyepesi: kwamba ina njia mbili, moja ya kusikia na moja ya kutenda; kwamba ile ya kutenda, isipoambiwa kitu kipya, hushikilia la mwisho ililoambiwa; kwamba yeye fundi alipaswa kulijua hilo. Kisha akamgeukia Stumai.

"Uliniuliza kama ni wewe, nikasema sijajua. Nilikuwa najua. Unisamehe."

Stumai alimtazama.

Baba yake alikohoa. "Sasa mama," alimwambia Mama Agripina, "umekuja kumchukua binti yangu, au umekuja kutafuta mtu wa mashine?"

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Mama Agripina. "Nilimwambia neno ambalo mama hamwambii mwanawe. Akirudi nitafurahi. Asiporudi, jogoo huyu ni wenu, nami nitakuwa nakuja kumwona mjukuu wangu mkiniruhusu."

Mzee alimgeukia binti yake. "Umesikia. Mimi sina la kukuamulia."

Stumai alikuwa akisuka na kufumua ncha ya mkeka.

"Nitarudi," alisema hatimaye. "Lakini ile mashine itoke sebuleni kwangu. Leo, si alizeti zikiuzwa."

"Itatoka," alisema Mama Agripina.

"Na dada huyu anionyeshe inavyofanya kazi. Asiniambie tu usifanye hiki, usifanye kile. Anionyeshe."

Walirudi wanne siku hiyo hiyo: Mama Agripina, Ritha, Stumai na mtoto. Magunia mengi ya alizeti yalitolewa kwenye stoo na kupangwa chini ya turubai. Majirani wawili wakasaidia kubeba kitotoleshi. Ritha akavuta umeme mpaka stoo na kuziba nyufa za dirisha kwa mbao na magunia. Kesho yake saa tatu walikuwa wameiwasha, bila yai hata moja ndani.

"Haya," Ritha alimwambia Stumai. "Ifanyie chochote unachotaka."

Stumai alifunika kompyuta. Moja, mbili, tatu, rilei ikagonga na taa nyekundu ikazimika. Akafunua, ikarudi. Akafunga programu, hita ikazimika. Akachomoa waya wa USB, ikazimika. Akazima kompyuta kwa kubana kitufe cha kuwashia; ikazimika. Mama Agripina, aliyekuwa amekaa juu ya gunia, alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ritha alipumua.

Stumai hakuwa amemaliza. Aliomba kompyuta na programu ziwashwe tena, akaizunguka mashine kwa nyuma, akaufuata kwa kidole kila waya mpaka mwisho wake.

"Huu ni wa nini?"

"Huo unatoka kwenye kipimajoto. Ndio unaoleta namba kwenye njia ya kwanza."

"Mtoto akiuvuta?"

Kabla hajajibiwa, aliuchomoa.

Watatu hao waliangalia kioo cha kompyuta. Namba ya joto ilikuwa thelathini na sita nukta tisa. Ilibaki thelathini na sita nukta tisa. Baada ya dakika tano ilikuwa bado thelathini na sita nukta tisa, na taa nyekundu ilikuwa inawaka, na mapigo yakipiga vizuri kama mtu mwenye afya njema. Ndani ya mashine kipimajoto cha zebaki kilikuwa kimepita thelathini na nane.

Kilipofika thelathini na tisa kikata-moto kilikata umeme kwa mlio mdogo, na kengele ikalia. Mayai yangepona, pengine. Lakini Ritha alikuwa ameshaona. Safari hii programu ilikuwa macho na ilikuwa inapiga mapigo yake bila kukosea. Njia ya kwanza ndiyo iliyonyamaza, na yeye alikuwa ameiandika programu kwa namna ambayo, isiposikia namba mpya, inaendelea kuamini ya zamani. Alikuwa ameelekeza mawazo yake yote kwenye njia ya pili.

"Hilo sikulifikiria," alisema.

"Mimi nililifikiria kwa sababu ya huyu," alisema Stumai, akimwonyesha mtoto, ambaye wakati huo alikuwa amekamata mkia wa waya mwingine. "Hakuna waya asiouvuta."

Mama Agripina aliuliza, "Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Namba isipokuja kwa sekunde kumi, programu iache kupiga mapigo na kengele ilie. Ni mistari minne." Ritha alivuta gunia, akakaa mbele ya kompyuta. Alipokuwa akiandika, Stumai alisimama nyuma yake na kuuliza kila mstari unasema nini, na Ritha akamweleza kila mstari. Ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo ingechukua akiwa peke yake. Walijaribu tena mpaka adhuhuri. Stumai aligundua pia kwamba ukiurudisha waya wa kipimajoto kwa kasi, namba ya kwanza huja imekatika katikati, tatu badala ya thelathini na saba, na hita hudanganyika kwa sekunde moja. Hilo nalo likarekebishwa.

Mayai yaliwekwa mwezi wa tisa. Ritha alikuja siku ya kutotoa bila kuitwa. Vifaranga vilivyotoka vilikuwa mia tatu themanini na tisa, vichache kuliko mikupuo ya mwanzo. Stoo ilikuwa na baridi alfajiri, na mayai mengine yalitoka kwa kuku waliopandwa na majogoo wazee. Hakuna aliyelalamika. Mama Agripina na mkamwana wake hawakuwa wamegeuka marafiki. Waliongea kwa adabu zaidi kuliko zamani, na adabu hiyo ilikuwa na umbali ndani yake. Lakini sebuleni viti vilikuwa vimeshushwa, na Stumai alikuwa na wageni wawili waliokaa ndani wakinywa chai.

Deo wa Manyoni alifika mwezi wa kumi kuiona mashine kabla ya kuagiza yake. Alikuwa mfugaji mwenye suruali safi na maswali mengi. Ritha alikuwepo. Stumai ndiye aliyemtembeza, na hakumficha kitu.

"Hii iliwahi kuua mayai yote," alisema, kama mtu anayesema mlango huu unafunguka kwa kuvutwa.

Deo alimgeukia Ritha. "Ni kweli, fundi?"

"Ni kweli. Mia tano ishirini na nane. Lilikuwa kosa langu."

Deo alisema atafikiria, akaondoka. Wiki mbili zikapita kimya. Nathanaeli dukani alisema, "Nilikwambia," kisha, alipomwona Ritha anaendelea na kazi yake bila kuinua kichwa, akaongeza kwamba pengine barabara ya Manyoni ina shughuli nyingi.

Wiki ya tatu Deo alipiga simu. Alisema anaitaka mashine, ila kwa sharti moja: siku ya kuifunga, yule mwanamke wa Misigiri aje kuijaribu kabla yeye hajaweka mayai. Ritha alimpelekea Stumai ujumbe huo. Stumai hakuwahi kuvuka Singida mjini maishani mwake. Aliuliza ni siku ngapi, akaambiwa mbili. Akatoka nje, akamkuta mama mkwe wake anaanika ulezi, akamweleza.

"Na mtoto?" aliuliza Mama Agripina.

"Ndilo nililokuja kuuliza, mama."

Mama Agripina alisawazisha ulezi kwa kiganja mpaka ukawa tambarare.

"Mwache kwangu," alisema. "Ila unionyeshe ule uji anaoupenda unavyokorogwa, maana wangu huwa anautema."